Mapambo ya meza ya kujitengenezea na zawadi za wageni 120: ushauri wa vipimo na vifaa

rangi_tele

Habari zenu wadau. Ni harusi ya wageni 120, meza 15 za duara zenye kipenyo cha sentimita 150, watu wanane kila meza. Rangi zilizochaguliwa ni chungwa, pinki iliyokolea, feruzi na njano. Mpango ni chupa za kioo za mdomo mpana, maua ya karatasi, kipande cha kitambaa katikati ya kila meza, na zawadi ndogo mbele ya kila mgeni. Kila kitu kitatengenezwa kwa mkono. Zimebaki wiki sita na wafanyakazi ni wanne, jioni tu.

Naomba msaada kwenye haya: pambo la katikati liwe na urefu gani na ninunue karatasi kiasi gani? Rangi nne zikikaa pamoja si zitagombana? Zawadi gani haitaleta shida kuhifadhi? Na kwa kawaida mambo haya huharibikia wapi?

---

fundi_karatasi

Karibu. Nianze na vipimo, maana mapambo mengi huharibikia hapo kabla hata gundi haijafunguliwa.

Kwenye meza ya 150, sahani na glasi iliyo nyuma yake hula kama sentimita 45 kutoka ukingoni. Ukitoa pande zote mbili, katikati unabaki na duara la sentimita 60 hivi. Kama chakula kitaletwa mezani kwenye mabakuli, hata hizo 60 si zako zote. Kwa hiyo pambo lote, na chupa zake, lienee kwenye duara la sentimita 40.

Urefu: ama chini ya sentimita 30, ama juu ya 60 kwa nguzo nyembamba. Katikati ya hapo ndipo zilipo nyuso za watu waliokaa, na mgeni asiyemwona wa mbele yake atalibeba pambo alishushe chini. Kwa chupa na karatasi, kaa chini ya 30. Nguzo ndefu zinahitaji kitako kizito na mkono uliozoea.

Basi kila meza iwe na chupa tatu: ya sentimita 16, ya 12 na ya 8. Maua ya karatasi ya tishu (ile nyembamba ya kufungia zawadi, si ya kujifutia) yawe ya saizi mbili, moja la sentimita 17 na manne ya 12. Ua la 17 likae kwenye chupa ya 12 (jumla 29), mawili ya 12 kwenye chupa ya 16 (jumla 28), na mawili yaliyobaki yalale mezani kando ya chupa. Ile fupi iachie maua halisi, au majani tu.

Hesabu ya karatasi, kwa shiti ya 50 × 70:

Ua la 17: kata shiti vipande vinane vya 17.5 × 25. Vipande vinane ni ua moja, yaani shiti moja kwa ua.
Ua la 12: kata shiti vipande kumi na sita vya 12.5 × 17.5. Nane ni ua, kwa hiyo shiti moja inatoa maua mawili.

Meza moja inakula shiti tatu, meza 15 ni shiti 45. Nunua 50. Karatasi ikiwa nyembamba sana mpaka unaona vidole kupitia tabaka mbili, weka vipande kumi kwa ua badala ya vinane na uongeze hesabu.

Namna ya kutengeneza: panga vipande kingo zilingane. Kunja kwa mikunjo ya kwenda na kurudi, ukitembea kwenye upande mrefu, ili ubaki na fimbo bapa yenye urefu wa upande mfupi. Mkunjo uwe wa sentimita 2 kwa ua kubwa, 1.5 kwa dogo. Funga waya mwembamba katikati kabisa, kisha kata ncha zote mbili: mviringo kwa petali laini, ncha kali kwa ua la kuchomachoma. Halafu fungua tabaka mojamoja, za juu kwanza. Kila tabaka lishike karibu na waya, usilivute kwa ncha. Ukivuta kwa ncha linachanika, na mchaniko huo haufichiki.

Waya ndio unaowashinda wengi. Ukiukaza sana unakata karatasi na ua linajikunja kama kitambaa kilichokamuliwa. Ukiulegeza, tabaka zinateleza na ua linakuwa na upande mmoja mnene. Kipimo chake: waya ushike fimbo bila kuibonyeza, na ukiizungusha isiteleze.

La mwisho, na hili lishike sana: usifungue maua mapema. Funga waya, kata ncha, kisha yaweke yakiwa bado fimbo. Mengi sana yanaingia kwenye kisanduku cha viatu. Yakifunguliwa wiki tatu kabla yatahitaji chumba kizima, yatakusanya vumbi, na unyevu wa hewa utayalegeza. Fungua siku moja kabla. Ua moja ni kama dakika tatu kwa mkono uliozoea, na una maua 75, kwa hiyo watu wanne wanamaliza kwa saa moja.

---

mwanameza

Mkuu hapo juu kamaliza karatasi, mimi nichukue rangi na kitambaa.

Rangi nne zilizokolea zinakaa pamoja vizuri mradi zisilingane kiasi. Moja itawale, kama nusu ya vyote vinavyoonekana mezani, ya pili ichukue robo, na mbili za mwisho ziwe vidokezo tu. Kwa rangi zako ningeipa pinki utawala, chungwa iifuate, feruzi na njano zije kwenye utepe, vibandiko vya majina na ua moja moja. Ukizigawa sawasawa, macho hayapati pa kutua na meza inaonekana imejaa kumbe ina vitu vitano tu. Mpangilio uwe uleule meza zote. Wazo la kila meza na rangi yake linapendeza kwenye picha, ila siku yenyewe likivunjika pambo moja huna la akiba.

Zijaribu rangi chini ya taa za ukumbi wenyewe, usiku. Taa za njano zinaififisha feruzi iwe kama kijivu, na njano juu ya kitambaa cha krimu inapotea kabisa. Ukiona hivyo, chagua feruzi iliyokoza zaidi na uipeleke njano juu ya pinki, si juu ya kitambaa cha meza.

Kitambaa cha katikati: watu wanapenda ukanda mrefu unaoning'inia pande mbili. Kwa meza ya 150 unahitaji ukanda wa mita 2 na pindo juu yake. Kitambaa cha upana wa sentimita 150 kinatoa kanda nne za sentimita 34 baada ya kupinda, kwa hiyo vipande vinne vya sentimita 205 vinakupa kanda 16. Jumla ni mita 8.2, nunua 9. Kabla ya kukata, kifue: pamba inasinyaa, na kitambaa cha pinki au chungwa kinachochuja kitakuharibia vitambaa vyeupe vya watu.

---

shada_kavu

@mwanameza kwa meza ndefu nakubaliana nawe, ila kwa meza ya duara ya watu wanane ukanda hauna faida. Unapita chini ya sahani mbili na kuziacha sita nje, meza inaonekana imeegemea upande. Mraba wa sentimita 50 uliowekwa katikati unatosha: ulalo wake ni kama 70, kona zinaingia kidogo tu kati ya glasi. Kitambaa kilekile cha upana wa 150 kinatoa miraba mitatu kwa kila sentimita 50, kwa hiyo meza 15 ni mita 2.5. Ukinunua mita 3 unabaki na cha akiba. Linganisha na mita 9.

Chupa sasa. Gundi ya lebo haitoki kwa maji peke yake. Loweka kwenye maji ya moto yenye sabuni, bandua karatasi, kisha paka mafuta ya kupikia kwenye gundi iliyobaki, acha nusu saa na usugue. Baadaye ni lazima uoshe kwa sabuni na kupangusa kwa spiriti. Alama ya kidole yenye mafuta inatosha kuifanya rangi ibanduke kama ngozi ya nyoka.

Ukitaka kioo chenye rangi inayopitisha mwanga: gundi nyeupe vijiko viwili vya chakula, maji kijiko kimoja cha chai, matone machache ya rangi ya chakula. Koroga, mimina ndani ya chupa, izungushe mpaka kuta zote zishike, kisha igeuze mdomo chini juu ya vijiti viwili ili inayozidi ichuruzike. Usiigeuze juu ya karatasi bapa. Gundi itajikusanya mdomoni, itakauka, na ukiinua chupa itang'oka pamoja na karatasi. Subiri ikauke kabisa, kwa kawaida ni siku nzima.

Chupa za namna hii haziwekwi maji. Gundi inayeyuka na maji yanageuka uji wa pinki. Hizo ziwe za maua ya karatasi tu, na ile fupi ya sentimita 8 yenye maua halisi iache bila rangi, ufunge utepe nje.

Mshumaa wa moto usiwepo popote karibu na karatasi ya tishu. Kama lazima kuwe na mwanga, tumia taa ndogo za betri, na zile zenye betri bapa mviringo hakikisha kifuniko kimefungwa kwa skrubu. Mtoto akimeza betri hiyo ni hatari kubwa.

---

rangi_tele

Asanteni sana wakuu, nimeshahamia kwenye miraba. Maswali mawili: zawadi bado, na je, sherehe ikihamia nje, karatasi itahimili?

---

fundi_karatasi

Nje, adui ni upepo na umande. Weka mawe madogo au mchanga wa kina cha sentimita 4 ndani ya kila chupa, maana chupa tupu yenye ua kubwa juu ni tanga. Maua yanayolala mezani yafunge waya kwenye shingo ya chupa. Kuhusu umande hakuna dawa: tishu ikilowa inalala, na mbaya zaidi inachuja rangi kwenye kitambaa cheupe, doa lisilotoka kirahisi. Kama itakuwa nje jioni, tumia karatasi ya krepe ile nene inayovutika, nayo pia iwe chini ya hema. Petali zake zikatwe huku mistari ya karatasi ikienda juu na chini. Ukizikata kwa upana hazitavutika kupata tumbo la petali, zitachanika tu.

---

kifurushi

Zawadi niachieni mimi.

Usitengeneze visanduku vya mraba kwa watu 120. Kisanduku cha sentimita 5 kinakula karibu karatasi nzima ya A4 na kina mikunjo mingi. Tengeneza pakiti ya pembetatu: A4 moja inatoa nne.

Kata A4 vipande vinne, kila kimoja 10.5 × 14.8. Kunja mviringo ili zile kingo fupi mbili zikutane na kupandana sentimita 1, bandika kwa selotepu ya pande mbili. Una bomba fupi. Bana mdomo wa chini uwe bapa, bandika. Jaza. Kisha bana mdomo wa juu kuelekea upande mwingine, mbano wa juu na wa chini viwe kama msalaba ukitazama kutoka juu. Bandika, toboa tundu kwenye mbano wa juu, pitisha utepe wa sentimita 20.

Karatasi iwe ya gramu 120 hadi 160. Manila nene inavunjika kwenye mbano na kuonyesha ufa mweupe. Hata karatasi sahihi ikigoma kuviringika vizuri, geuza: nyuzi zake zinaelekea upande usiofaa.

Idadi: wageni 120 na kumi za akiba. Pakiti 130 ni A4 33, chukua 36. Utepe mita 26. Ncha za utepe wa satini zikate mshazari na uzipitishe haraka kando ya mwali wa moto, la sivyo zinafumuka. Selotepu, si gundi ya maji, kwani gundi ya maji inakunjamanisha karatasi, na gundi ya moto inalegea kifurushi kikikaa ndani ya gari lililopigwa jua.

Cha kuweka ndani: chokoleti inaanza kuyeyuka kwenye nyuzi 32 hivi, kwa hiyo hapana, labda chumba kiwe na kiyoyozi muda wote. Peremende ngumu zilizofungwa moja moja, tano au sita, ni salama zaidi. Zisizofungwa zinavuta unyevu na kugandana. Mbegu za maua nazo ni nzuri, ila andika kina cha kupanda, na kumbuka wageni watokao nchi nyingine huenda wasiruhusiwe kuvuka nazo mpaka. Sabuni na mishumaa ya kunukia isihifadhiwe sanduku moja na peremende. Peremende zitachukua ladha ya sabuni.

Kibandiko cha jina kining'inie kwenye utepe, hapo zawadi inakuwa pia alama ya kiti na umeokoa kazi ya kadi 120. Printa ya wino wa maji inachuja kwa jasho la mkono, kwa hiyo chapisha kwa leza au andika kwa kalamu isiyofutika. Acha kumi bila majina. Orodha ya wageni hubadilika mpaka asubuhi ya siku yenyewe.

---

mwanameza

Naongeza usafirishaji, maana hapa ndipo kazi ya wiki sita hupotea kwa saa moja. Usipange kwa aina (chupa zote hapa, utepe wote pale). Panga kwa meza: katoni 15, kila moja na namba yake, chupa tatu zilizofungwa magazeti, mraba uliopigwa pasi, zawadi nane. Maua yaliyofunguliwa yasafiri peke yake juu, ndani ya mifuko mikubwa isiyobanwa. Ndani ya kila kifuniko bandika picha ya meza ya mfano, ili hata aliyekuja kusaidia tu aweze kupanga bila kuuliza.

Na hiyo meza ya mfano ipangeni wiki hii, kwa sahani nane, glasi nane na viti vyenye watu. Kaeni.

---

shada_kavu

Maua halisi ya ile chupa fupi: yafike siku moja kabla, kata vikonyo mshazari, ondoa kila jani litakalozama, yaache kwenye maji mengi mahali baridi kwa saa kadhaa kabla ya kuyapanga. Yasikae chumba kimoja na ndizi au matunda mengine yanayoiva, gesi yake inayazeesha. Ukitaka feruzi, ambayo ni adimu kwa maua, nunua krisanthemu nyeupe, weka matone 20 hadi 30 ya rangi ya chakula kwenye nusu glasi ya maji, na uziache humo kwa saa 24. Rangi itapanda kwanza kwenye ncha za petali. Ukiridhika nayo, hamishia kwenye maji safi.