GIF ya kitenge: ukingo mweupe, nzito, tena inajikokota

fundi_wa_saiti: Wakuu, habari za saa hizi. Natengeneza tovuti ya mama anayeuza vitenge Kariakoo. Anataka juu pawe na kitenge kinachopepea, kimekatwa mandharinyuma, kikae juu ya zambarau iliyokolea. Nilirekodi kwa simu, nikatoa GIF. Sasa ukingo wa kitambaa una utando mweupe, rangi ya chungwa inayofifia imegeuka mistari mistari, na faili ni MB 9. Mteja wa bando la siku atakimbia. Halafu kila fremu (picha moja moja ndani ya GIF) nimeipa sekunde 0.01, lakini kwenye Chrome inajikokota. Tatizo liko wapi?

mzee_pikseli: Mkuu, hiyo ndiyo GIF yenyewe. Ni ya kampuni ya CompuServe, 1987, enzi za modemu za kulia. Kila fremu hubeba rangi 256 tu, ndiyo maana chungwa lako limekatikakatika. Uwazi wake ni ama pikseli ionekane ama isionekane, hakuna nusu. Pikseli za ukingoni zilikuwa nusu, programu ikazichanganya na nyeupe. Ukitaka kubaki na GIF, itoe upya ukiiambia ichanganye na zambarau ya ukurasa.

Kasi: muda unaandikwa kwa sehemu za mia za sekunde. Ukiandika 0 au 1, vivinjari husoma 10, yaani fremu 10 kwa sekunde. Andika 5, zitapita 20. Kwa kitenge zinatosha sana.

Na uzito: GIF haijui kwamba kitambaa kimesogea kidogo tu. Inaweza kuruka sehemu zisizobadilika, basi. Kitenge kikipepea, hakuna kisichobadilika.

dada_wa_kodi: Achana nayo, weka video ya mp4 yenye sifa hizi za HTML: autoplay, loop, playsinline na muted (bila sauti). Bila muted simu nyingi hazitaianzisha. Hata hizo "GIF" mnazorushiana WhatsApp ni video za mp4.

fundi_wa_saiti: Dada, asante, ila mp4 si itarudisha mandharinyuma?

mzee_pikseli: Itarudisha, H.264 ya kawaida, mbano unaotumika kwenye mp4 nyingi, haina uwazi. Tumia WebP, aina nyingine ya faili ya picha inayoweza kusogea. Ina mamilioni ya rangi na uwazi wa ngazi 256, ukingo utakuwa laini. Firefox inaisoma tangu 2019, Safari tangu 2020. Toa fremu zako kama PNG, kisha andika amri hii kwenye kompyuta:

`img2webp -lossy -q 60 -d 50 fremu*.png -o kitenge.webp`

Hapo 50 ni milisekunde, usichanganye na hesabu ya GIF.

Kuna watakaokutajia APNG, yaani PNG inayosogea. Watu wa Mozilla waliianzisha 2004, Chrome ikaikubali 2017. Naipenda kwa nembo, lakini haipotezi chochote inapobana, kwa hiyo kwa picha za kamera itakuwa nzito vibaya.

dada_wa_kodi: Nakubali. Ongeza picha tuli kwa waliozima miondoko kwenye simu zao. Wapo wanaopata kizunguzungu:

`<source media="(prefers-reduced-motion: reduce)" srcset="kitenge-tuli.webp">`

Iweke ndani ya `<picture>`, juu ya `<img>`.

fundi_wa_saiti: Nimewaelewa. Mama anataka pia kuituma kwa barua pepe kwa wateja wake wa jumla. WebP hiyo hiyo?

mzee_pikseli: Hapana, huko bado ni GIF, ndogo. Na matoleo ya zamani ya Outlook kwenye Windows huonyesha fremu ya kwanza tu, kwa hiyo bei na namba ya simu ziwe kwenye fremu hiyo.