Tundu la mnyoo bila maada ya ajabu: f(R) au Gauss-Bonnet?

Mwalimu_Isevya
Wakuu, salaam kutoka Tabora. Jumamosi nina kipindi cha ziada na kidato cha sita. Wiki iliyopita nilipasua embe mbele yao, likatoka funza. Nikawaambia: sisimizi anayetembea juu ya ganda anazunguka embe zima, mwenzake kapita katikati, ndiyo maana njia ya mkato kati ya sehemu mbili za anga Misner na Wheeler mwaka 1957 waliiita tundu la mnyoo. Wakacheka, wakaelewa. Kisha binti mmoja akauliza: "Nyama ya embe ndiyo inalishikilia tundu lisizibe. Huko angani linashikiliwa na nini?"

Jibu la Morris na Thorne la 1988 ninalo. Kwa milinganyo ya Einstein, koo (sehemu nyembamba zaidi ya tundu) lisipotanuka pande zote mbili linajifunga, na kutanuka huko kunadai maada ambayo ukijumlisha msongamano wake wa nishati na shinikizo lake la kuelekea kooni unapata chini ya sifuri. Maada ya namna hiyo, wanaiita maada ya ajabu, hakuna aliyewahi kuikusanya hata ya kujaza kijiko. Nadharia zilizorekebishwa za uvutano zinadaiwa kuikwepa. Nimebakiwa na mbili mezani: f(R), na Gauss-Bonnet (kipande cha ziada cha mkunjo wa anga) yenye dilatoni, yaani uga wa ziada ulioenea angani. Niwapelekee ipi?

BintiUjiji
Shikamoo mwalimu. Chukua f(R), inaandikika ubaoni. Einstein aliweka R tupu, yaani kipimo cha mkunjo wa anga, wewe unaweka f(R), mfano R na kipande cha R² kama Starobinsky mwaka 1980. Ukipanga milinganyo, vipande vya ziada unavisukuma upande wa kulia na kuvihesabu kana kwamba ni maada. Lobo na Oliveira mwaka 2009 walionyesha kwamba maada halisi inaweza kutulia na adabu zake kooni, ukorofi wote ukabebwa na mkunjo wa anga wenyewe.

Karani_Kibirizi
Hapo ndipo ninapogoma. Huku mwaloni ninaandika madeni ya dagaa. Kuna mteja ukifungua daftari jina lake halimo, ukiuliza unaambiwa deni kalihamishia kwa shemeji. Sawa, lakini shemeji analipa? Hiyo "maada imetulia" ni daftari safi tu. Bronnikov na Starobinsky (huyohuyo wa R²) walionyesha mwaka 2007, kwa nadharia za skala na tensa (zinazouongezea uvutano uga wa skala, wenye namba moja kila mahali), kwamba uvutano ukibaki chanya kila mahali na skala isiwe mzuka, yaani kitu chenye nishati hasi, tundu halipatikani. Mwaka 2010, pamoja na Skvortsova, wakaifikisha hoja kwenye f(R): ukipata tundu, ujue kuna mahali df/dR, kasi ya f kubadilika R ikibadilika, imegeuka ishara. Ukivuka hapo gravitoni, chembe inayobeba uvutano, yenyewe inakuwa mzuka. Shemeji naye hana kitu.

BintiUjiji
Kaka Karani, sikusema ni bure. Nimesema inaandikika.

Mstaafu_wa_Reli
Mwalimu, mimi kura yangu ni Gauss-Bonnet, ila uwaeleze vijana kwa nini inahitaji dilatoni. Kipande cha Gauss-Bonnet peke yake, kwenye vipimo vyetu vinne (vitatu vya anga na kimoja cha wakati), hakiongezi chochote kwenye milinganyo. Ndiyo maana Bhawal na Kar mwaka 1992 walikwenda kutafuta matundu kwenye vipimo vya juu. Ukikifunga kwenye uga wa skala, ile dilatoni ya nadharia ya nyuzi, kinaamka hata kwenye vinne. Mwaka 2011 Kanti, Kleihaus na Kunz wakapata tundu lisilohitaji maada ya ajabu ya aina yoyote. Hakuna mzuka aliyeitwa.

Migebuka_Mikavu
Wazee, mimi nipo stesheni Tabora nasubiri treni ya Kigoma. Hilo tundu likifunguliwa mnishtue.

Karani_Kibirizi
@Mstaafu_wa_Reli shikamoo mzee. Mwaka 2018 Cuyubamba, Konoplya na Zhidenko walilitikisa kidogo tundu hilohilo la dilatoni. Mtikisiko haukutulia, ulikua. Kwa hiyo lipo kwenye karatasi, ila mtu akipiga chafya limekwenda.

Mstaafu_wa_Reli
Marahaba. Hilo nalikubali. Lakini kutotulia si kosa sawa na mzuka. Mtumbwi unaoyumba bado ni mtumbwi. Wenye shimo chini huo ni kuni.

Mwalimu_Isevya
Mmenisaidia kuliko mlivyojua. Nitaandika f(R) ubaoni, niwaachie wenyewe wafuatilie deni limekwenda kwa nani, halafu Gauss-Bonnet niwasimulie kwa mdomo. Daftari la dagaa naliiba, Karani. Sasa: nani ana mchoro wa koo unaochapika vizuri? Printa yetu wino umekauka tangu mitihani ya muhula.

BintiUjiji
Huhitaji printa. Chukua koo rahisi kabisa, lile la Ellis la 1973, ambalo kanuni ya umbo lake ni b(r) = r₀²/r, r₀ ikiwa nusu-kipenyo cha koo. Umbo lake linatoka r = r₀ cosh(z/r₀), z ikiwa umbali kwenye mhimili, na hilo ni umbo la mnyororo ulioning'inia. Gongomea misumari miwili ukutani, ning'iniza mnyororo wa baiskeli, bandika karatasi nyuma yake na ufuatishe kwa penseli. Ukimaliza lilaze karatasi ubavu, upinde uzungushe kwenye mhimili ulio nje ya tumbo lake, r₀ kutoka sehemu iliyolegea zaidi. Hilo ndilo koo.

Mwalimu_Isevya
Mnyororo upo. Wa baiskeli yangu, na ndio umekatika leo asubuhi.