Tupeane uzoefu: je, kusambaza linki za kamisheni mitandaoni ni kuvunja masharti ya programu?

Mwanzisha mada

Ndugu wanajukwaa, habari za majukumu. Linki za kamisheni ni zile za bidhaa za duka ambazo mtu akinunua kupitia kwazo, programu ya washirika ya duka hilo (mpango wa kulipa wanaoleta wateja) inakupa sehemu ya mauzo. Swali la wapi ziwekwe huulizwa mara kwa mara, na majibu yake hutolewa kwa mkato: mmoja anasema "weka popote", mwingine anasema "watakufungia". Naomba waliofanya kazi hii waeleze yaliyowapata wao, si waliyoyasikia kwa watu.

Naanza mwenyewe. Nina ukurasa wa Facebook na chaneli ya YouTube kuhusu kamera na vifaa vyake, na ninatumia programu ya washirika ya Amazon, ambayo ipo tangu 1996. Mitandao ya kijamii inaruhusiwa huko, ila kwa mtu aliyeitaja. Katika akaunti kuna sehemu ya kuorodhesha tovuti na kurasa zote utakakoweka linki, na sehemu hiyo haifungwi baada ya kujiunga. Ukianzisha ukurasa wa TikTok mwakani, unatakiwa urudi uuongeze. Ukurasa uwe wako, uwe wazi kwa umma, uwe na maudhui uliyoyatengeneza wewe, na uwe na wafuasi halisi wasiopungua 500.

Kuna sharti jingine ambalo naona ndilo linalowaponza wengi: baada ya kujiunga una siku 180 za kupata mauzo matatu yanayokubalika, la sivyo akaunti inafungwa. Mtu akiona muda unayoyoma na mauzo hayaonekani, huanza kumwaga linki kwenye kila kundi alimo, la shule, la mtaa, hata la msiba. Hapo ndipo masharti huvunjwa, wala si kwa sababu Facebook au Instagram zimekatazwa.

Mchangiaji wa Nakuru

Ahsante kwa mada. Mimi naandika kuhusu vifaa vya bustani na umwagiliaji, na programu ninayoifanyia kazi sitaitaja. Walinitumia barua pepe wakisema wameona mibofyo mingi kutoka mahali wasipopafahamu, wakataka niwaeleze linki zangu ziko wapi na niwatumie picha za skrini. Linki zenyewe nilikuwa nimeziweka kwenye ukurasa wangu peke yake. Kumbe mfuasi mmoja alipenda pampu niliyoieleza, akainakili linki jinsi ilivyo na kuiweka kwenye kundi la wakulima lenye maelfu ya wanachama.

Kilichoniokoa ni kwamba kila ukurasa wangu una kitambulisho chake cha ufuatiliaji, yaani alama ndani ya linki inayoonyesha imetoka wapi: cha Facebook hakifanani na cha YouTube, na cha blogu ni kingine kabisa. Niliwaonyesha kwamba mibofyo yote ile ilibeba kitambulisho cha andiko moja la Facebook, nikawapa anwani ya andiko hilo, na nikamwomba msimamizi wa kundi aiondoe ile linki. Akaunti ikabaki. Laiti ningetumia kitambulisho kimoja kila mahali, ningekuwa na maneno matupu ya kujitetea. Kutengeneza vitambulisho hivyo hakulipiwi, na sielewi kwa nini watu wanaoanza hawaambiwi jambo hili mapema.

Mchangiaji aliye Minneapolis

Mimi si muuzaji, mimi ni yule shangazi wa Marekani anayetumiwa linki. Wenzangu wa huku mtanielewa. Kijana wa kaka yangu, aliye Morogoro, alijiunga na Amazon, na kwa kuwa wanunuzi wake wengi wanaoweza kuletewa mzigo hadi mlangoni wako huku, aliona njia rahisi ni kundi la WhatsApp la ukoo. Kila aliposikia mtu anataka kikaangio cha hewa au viatu vya mtoto, linki ilikuwa imeshafika, mwishoni ina kitambulisho chenye jina lake na ile "-20" ya akaunti za Marekani.

Kabla ya kubofya niliyasoma masharti, maana nimezoea kusoma ninachotia saini. Yanasema wazi kwamba manunuzi ya mshirika mwenyewe, ya jamaa zake na ya rafiki zake hayastahili kamisheni. Nikampigia simu nikamwambia, "Mwanangu, ukitaka nikuunge mkono nitakutumia hela, lakini usiweke jina la ukoo mzima kwenye ripoti yako ya mauzo." Alinuna kidogo. Kwetu kuungana mkono ni jambo la heshima, na naelewa kwamba sharti hili linaonekana la kibaguzi kwa mtu ambaye wateja wake wa kwanza ni ndugu zake. Hata hivyo, ndilo alilolikubali alipojiunga.

Mchangiaji wa Dar es Salaam

Shikamoo mama wa Minneapolis, umenena. Naongeza kwamba ndugu wa Uingereza nao hawaingii kwenye hesabu ya akaunti ya Marekani moja kwa moja, kwa sababu kila duka la Amazon lina programu yake, na vitambulisho vya Uingereza huishia na "-21".

Jambo ninalotaka kulitilia mkazo ni kutangaza maslahi yako. Amazon inakutaka useme kwamba wewe ni mshirika wao na kwamba unapata malipo kutokana na manunuzi yanayostahili. Zaidi ya hapo, Tume ya Biashara ya Marekani, iliyofanyia marekebisho mwongozo wake wa mapendekezo ya bidhaa mwaka 2023, inataka tamko hilo lionekane bila mtu kulitafuta, na liwe katika lugha ileile ya tangazo. Kwa hiyo mimi, ninayezungumza Kiswahili kwenye video ambazo hutazamwa pia na Watanzania walioko Texas, nasema kwa Kiswahili katika dakika ya kwanza kwamba nikiuza kupitia linki napata kamisheni, kisha naliandika juu ya linki yenyewe. Tamko lililofichwa chini ya alama za reli (hashtag) ishirini halimsaidii mtu.

Tusisahau pia kwamba mtandao wenyewe una sheria zake. Pinterest ilizipiga marufuku linki hizi mwaka 2015, ikazirudisha mwaka 2016. Waliokuwa na ruhusa ya programu zao hawakuwa na pa kuzipeleka kule kwa kipindi chote hicho.

Mchangiaji wa Zanzibar

Kwa upande wa hoteli na safari, ninakofanyia kazi mimi, kuweka linki Instagram hakujawahi kuniletea swali. Kinachokatazwa mno ni kulipia matangazo kwenye Google kwa kutumia jina la kampuni yenyewe, na kumwahidi mteja kwamba utamrudishia sehemu ya kamisheni yako.

Mwanzisha mada

Nashukuru sana. Nimeulizwa faraghani kuhusu vifupisho vya linki, yaani huduma zinazogeuza linki ndefu kuwa fupi. Amazon hawataki kifupisho kinachomficha mtu asijue anapelekwa dukani kwao. Kile wanachokitoa wenyewe, kinachoanza na amzn.to, hakina tatizo. Vilevile usiandike bei kwa mkono kwenye andiko lako. Bei hubadilika na andiko lako hubaki, ndiyo maana wanataka itoke kwenye mfumo wao.

Je, kuna aliyewahi kuuliza kuhusu WhatsApp, moja kwa moja kwa programu yake?

Mchangiaji wa Nakuru

Niliuliza, kwa maandishi, kabla ya kuweka chochote. Sikuuliza kama WhatsApp inaruhusiwa, maana swali pana hujibiwa kwa kunakiliwa masharti. Niliandika kwamba nina kundi lisiloweza kuonekana na mtu asiye mwanachama, nikataja idadi ya wanachama na mada, nikauliza kama naweza kuweka humo linki ya bidhaa niliyoieleza kwenye ukurasa wangu. Walijibu kwamba niweke anwani ya andiko langu la wazi, na linki ya kamisheni ibaki ndani ya andiko hilo. Ndivyo ninavyofanya hadi leo, na ile barua pepe nimeihifadhi pamoja na nakala ya masharti ya siku hiyo.