Insha ya mwanafunzi kuhusu kukimbia vita: isomwe kwenye mahafali?

Mwl_Katavi: Wakuu, habari za jioni. Nafundisha Kiswahili kidato cha pili, jirani na makazi ya Katumba. Darasani nina Wafipa, Waha, Wasukuma na wajukuu wa Warundi waliokimbia mwaka 1972. Niliwapa insha, "Ukoo wetu ulivyofika hapa". Binti mmoja kaeleza bibi yake alivyovuka mto Malagarasi usiku na watoto watatu, ng'ambo wakatokea wawili. Nimeisoma mara nne. Natamani wazazi waisikie siku ya mahafali, lakini roho inasita. Naombeni ushauri.

Chapakazi: Sahihisha sarufi kwanza, ticha. Wangu juzi kaandika "apa" badala ya "hapa", na yuko kidato cha nne!

BintiUlyankulu: Nimezaliwa Ulyankulu. Tuliitwa "wakimbizi" hata mwalimu akiwa amesimama pale pale. Baba alipopata cheti cha uraia alikifunga kwenye nailoni, akakilalia. Mwalimu, binti mwenyewe amekubali?

Mwl_Katavi: Dada, insha ni kazi ya shule. Nia yangu njema.

BintiUlyankulu: Sijauliza nia.

Mwl_Katavi: Haya. Wiki iliyopita niliisoma darasani, nikamtaja jina. Walimpigia makofi. Mapumziko wakaanza kumwita "Malagarasi". Tangu Jumatatu haonekani shuleni. Lakini mkuu wa shule ameshaipitisha, imo kwenye ratiba. Na wenzake wasiposikia habari kama hizi, watawajuaje majirani zao?

Jichopevu: Chai hii. Watoto wa wakimbizi wanasoma kambini, kwa mtaala wa kwao. Huyo binti katokea wapi?

BintiUlyankulu: Unachanganya. Hao ni wa kambi za Kigoma, kama Nyarugusu. Katumba, Mishamo na Ulyankulu ni makazi ya watu wa 1972, na mwaka 2014 zaidi ya 160,000 walipewa uraia. Watoto wao ni Watanzania, wamo shule za kawaida.

Jichopevu: Basi aweke picha ya insha tuamini.

Mwl_Katavi: Siweki. Nimeshamwanika mara moja.

Mstaafu_Kasulu: Mwanangu, na mimi nilifundisha mchanganyiko huo. Nilikuwa nawaambia: andika habari za mzee yeyote, wako au wa jirani, majina badilisha, na usiyetaka isomwe kunja ukurasa. Msukuma akaandika babu alivyohama na ng'ombe kutoka Shinyanga, Mha akaandika safari ya kwenda kukata mkonge Tanga. Mrundi hakubaki peke yake kuwa "wa kuja". Wewe umemsimamisha mmoja mbele ya arobaini.

Mwl_Katavi: Shikamoo mzee. Nimekuelewa. Nimemwomba mkuu aitoe kwenye ratiba, kakasirika. Mama wa binti kaniita nyumbani kesho saa kumi. Niende na zawadi?

BintiUlyankulu: Nenda na daftari, umkabidhi binti mkononi. Bibi akiwepo, mwamkie. Habari za mto usimuulize.