Mrejesho: nyuzi za mkonge na polipropilini

Wakuu, niliuliza kwa nini nyuzi za mkonge zilikuwa zinachomoka safi kwenye polipropilini (plastiki ninayoiimarisha kwa nyuzi hizo) kila nikivunja kipande cha majaribio. Mkanieleza: mkonge unapenda maji, plastiki hiyo inayakataa, tena uzi una nta juu yake.

Nimeziloweka kwenye kostiki soda ya asilimia 5, nikasuuza mpaka utelezi ukaisha, nikakausha kwenye oveni. Kukausha ndiko nilikokuwa nakuruka! Kisha nikaongeza kiasi kidogo cha polipropilini iliyopandikizwa anihidridi ya maleiki (kemikali ya kuunganisha), ambayo hujifunga na haidroksili za selulosi, yaani sehemu za uzi zinazopenda maji. Joto sikuvusha nyuzijoto 190, mkonge usiungue.

Sasa nyuzi nyingi zinakatikia palepale kwenye ufa badala ya kuchomoka, yaani zimeshikana na plastiki. Aliyesisitiza glavu na miwani, asante sana; kostiki inaunguza kweli.