Puli ya asilimia 19 imeua supachaja ya Mini Cooper S yangu, na gereji inaniambia kelele ni kawaida

Wakuu, salaam.

Naandika uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Gari langu, Mini Cooper S ya mwaka 2003 yenye injini ya lita 1.6 na supachaja ya Eaton M45 (pampu inayozungushwa na mkanda wa injini ili kuisukumia injini hewa zaidi), limesimama nyumbani wiki ya tatu sasa kwa sababu ya kipande cha chuma kinachoenea kiganjani. Niliwafuata watu wanaojitangaza kuwa mabingwa wa kuongeza nguvu za magari, nikawalipa ushauri na kazi, nao wakanifungia puli ya supachaja, yaani gurudumu linalovutwa na mkanda, ndogo kuliko zote walizokuwa nazo kabatini.

Maelezo niliyowapa yalikuwa wazi: gari ni la kwendea kazini kila siku, linakaa kwenye foleni ya Barabara ya Bagamoyo saa nane mchana, na ninataka nguvu kidogo zaidi ninapolipita lori. Hakuna aliyeuliza plagi zilizomo ni za aina gani, raba ya puli ya krenki ina hali gani, wala supachaja imetembea kilomita ngapi. Niliambiwa tu kwamba ya 15 ni ya waoga na ya 19 ndiyo yenye nguvu.

Asilimia 19 si ongezeko la nguvu, ni upungufu wa kipenyo. Kipenyo kikipungua kwa kiasi hicho, supachaja inazunguka kwa kasi zaidi kwa asilimia 23 na ushei. Kwenye gari hili supachaja huzunguka takriban mara mbili ya krenki, kwa hiyo injini ikikaribia mizunguko 7,000 kwa dakika, M45 yenye puli ya kiwandani inakuwa kwenye 14,000 hivi. Ukiifunga ya 15 inakaribia 16,500, na ukiifunga ya 19 inavuka 17,000. M45 ni ya aina ya Roots, yaani haigandamizi hewa ndani yake bali huisukuma tu kuelekea kwenye injini, na kadiri unavyoizungusha kupita kiasi ndivyo sehemu kubwa zaidi ya nguvu inayonyang'anywa krenki inavyogeuka kuwa joto. Joto hilo linategemea intakula, yaani kipoza hewa kilicholala juu ya injini, ambacho hupata upepo kupitia tundu la boneti, na kwenye foleni upepo huo haupo. Hewa ikichemka injini inaanza kugonga, kompyuta inachelewesha cheche ili kuiokoa, na nguvu uliyoilipia inapotea. Asubuhi na mapema gari lilivuta vizuri mno, sikatai. Mchana lilikuwa zito kuliko kabla sijaligusa.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba jibu sahihi lilikuwepo miaka yote. Watengenezaji wa gari wenyewe, walipouza vifaa vya John Cooper Works vya kulitoa kwenye nguvu za farasi 163 hadi 200, hawakuuza puli peke yake. Puli ndogo ilikuja pamoja na silinda hedi iliyochongwa upya, supachaja iliyopakwa utando maalumu kwenye rota zake (sehemu za ndani zinazozunguka), ekzosi na programu mpya ya kompyuta ya injini. Sasa fundi wa uchochoroni anawezaje kupunguza puli kuliko kiwanda chenyewe, halafu akaacha plagi zilezile na mkanda uleule mrefu, ambao ulianza kuteleza na kunuka raba ndani ya siku nne?

Halafu kuna namna walivyoifunga. Puli ya gari hili haina boliti. Imeshindiliwa kwenye shafti, na hutolewa kwa kivutio maalumu kinachoishika kwenye kitovu chake. Mpya hupashwa moto kwanza ili itanuke, kisha huingizwa bila kulazimishwa. Nilisimama pale nikamwona kijana akiipiga kwa nyundo, ameweka kipande cha ubao juu yake, na kila pigo likienda moja kwa moja kwenye beringi za supachaja. Nilipomwambia asimame, mkubwa wake alinijibu kwamba nimwache fundi afanye kazi yake.

Baada ya wiki tano ulianza mlio wa misumari ndani ya kopo, injini ikiwa sailensa, yaani ikinguruma gari likiwa limesimama. Fundi mwingine aliishusha supachaja mbele yangu. Beringi ya mbele ilikuwa na mchezo unaouhisi kwa kidole, na upande wa nyuma, zilipo gia zinazoendesha pampu ya maji, oili ilikuwa imebaki ute mweusi wenye harufu mbaya. Kwa haki, oili ile hawakuikausha wao. Ratiba ya sevisi ya kiwandani haisemi ibadilishwe, na magari mengi ya umri huu yako hivyo. Lakini anayetaka kuizungusha supachaja kuzidi ilivyoundwa ana wajibu wa kuangalia oili yake kwanza, hasa kwenye injini ambayo gia hizo zikilika meno, pampu ya maji inasimama na injini nzima inaungua.

Niliwapelekea beringi ile mkononi. Jibu lao lilikuwa kwamba supachaja zote hupiga kelele, na kwamba vifaa vya kuongeza nguvu havina dhamana. Madai yangu hayahusu dhamana ya puli, kwani puli haijavunjika. Nadai gharama ya beringi, sili na kazi ya kuishusha supachaja, kwa sababu hasara hiyo imeletwa na nyundo na ushauri wao, na nimewaandikia barua kuhusu hilo.

Wakati huo huo ninajenga upya kwa puli ya 15, plagi za baridi zaidi kwa daraja moja (zinazotoa joto haraka zaidi), oili mpya pande zote mbili na puli mpya ya krenki. Aliyewahi kuifunga ya 15 hapa Dar anisaidie mambo mawili: alitumia mkanda wa urefu gani, na ni nani mwenye kivutio halisi cha puli hiyo anayeweza kunikodisha.