Vifaranga vya Shangazi: gumzo la kikundi cha "Ukoo wa Muheza"

Jumamosi asubuhi

Shangazi Mwanaidi: Assalaam alaykum ukoo. Yule kuku wa madoa ametotoa usiku wa kuamkia leo. Vifaranga saba wa bata, wote wazima. Yai moja tu limeharibika.

Mama Zuwena: Waalaykum salaam wifi. Hongera sana! Ndo yale mayai ya bata aliyechukuliwa na kicheche?

Shangazi Mwanaidi: Hayo hayo wifi. Mama yao alishayaatamia wiki mbili. Mayai ya hawa bata wetu wa kienyeji yanataka siku 35, kwa hiyo zilibaki wiki tatu, na wiki tatu ndo uvumilivu wa kuku ulipoishia. Nikamwekea usiku, akayavuta kwa mdomo mpaka chini ya tumbo.

Ba Mdogo Hamisi: Maashallah. Dada umeokoa kizazi kizima hapo.

Salimu (Muscat): Shikamoo shangazi. Sasa huyo kuku haoni kuwa watoto si wake? Midomo yenyewe bapa.

Shangazi Mwanaidi: Marahaba baba. Amewakubali kabisa, ukisogeza mkono anakudonoa.

Zuwena (SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine): Shikamooni wakubwa. Kaka, kazi inaanzia kwenye yai. Kifaranga hulia akiwa bado ndani na kuku humjibu. Wakitoka, wanachokiona mapema kikitembea na kuwaita, hicho ndo mama. Kuna Mwaustria, Konrad Lorenz, aliandika habari hizi miaka ya 1930. Alitotolesha bata bukini wakamfuata yeye kila anakokwenda. Mwaka 1973 akapewa Nobel pamoja na wenzake wawili.

Salimu (Muscat): Basi hao ni bata wanaojiona kuku.

Shangazi Mwanaidi: Wakiona maji watajikumbuka.

Jumanne jioni

Shangazi Mwanaidi: Wamejikumbuka. Nilikuwa nafua, nikaacha karai chini. Mmoja akaingia, wote wakamfuata. Kuku anazunguka karai analia, mbawa chini, anawaita watoke. Hakuna aliyegeuka.

Zuwena (SUA): Shangazi uliwatoa haraka? Bata mwenye mama bata hupata mafuta kwenye manyoya ya mama akilala chini yake. Hawa mama yao ni kuku, hayo mafuta hawayapati, na ya kwao bado. Maji yanapenya mpaka kwenye ngozi. Baridi inaua kifaranga upesi.

Shangazi Mwanaidi: Nimewatoa, nimewafuta kwa kanga, sasa wako chini ya mama yao. Kuanzia leo ni bakuli lenye mawe katikati, mdomo uzame mpaka puani waoshe pua na macho, mwili ubaki nje.

Mama Zuwena: Na nani aliyekuwa wa kwanza kuingia?

Shangazi Mwanaidi: Subiri, mjukuu anataka simu.

Shangazi Mwanaidi: ni mimi shabani. wa kwanza ni MJUMBE. nimewapa majina. mjumbe ana doa jeusi kichwani. konda anapiga kelele mlangoni asubuhi anawaambia wenzake twende twende. msafiri anapotea. bi harusi mweupe wote. mapacha wawili siwezi kuwatofautisha. wa mwisho kadogo

Salimu (Muscat): Safi sana mjomba! Konda nimempenda tayari.

Ijumaa, wiki ya pili

Shangazi Mwanaidi: Jamani hawa watoto wana tabia, si mchezo. Nimekaa nao tangu asubuhi. Chakula kikimwagwa, Mjumbe anakuja na shingo chini, mdomo wazi, anamkimbilia aliye karibu. Yule akiinamisha kichwa na kugeuza ubavu, yameisha, Mjumbe anakula. Asipogeuka anavutwa manyoya ya mkiani. Konda anawasukuma wote isipokuwa Mjumbe. Bi Harusi anamsukuma Msafiri. Mapacha wanasukumana wenyewe kwa wenyewe mpaka chakula kinaisha. Kadogo hamsukumi mtu.

Ba Mdogo Hamisi: Huyo Mjumbe ndo mkubwa kuliko wote?

Shangazi Mwanaidi: Hapana. Mkubwa ni Msafiri, ila hana habari na cheo. Yeye anashughulika na mende.

Zuwena (SUA): Shangazi, unachokiona ndo alichokiona kijana mmoja wa Norway, Thorleif Schjelderup-Ebbe. Alikaa na kuku wa nyumbani kwao tangu utotoni anaandika nani anamdonoa nani. Miaka ya 1920 akaonyesha kuwa kila kuku anajua nani yuko juu yake na nani yuko chini. Na si mstari ulionyooka kila mara. A anaweza kumshinda B, B akamshinda C, halafu C akamdonoa A.

Shangazi Mwanaidi: Ndivyo ilivyo! Pacha mmoja anamfukuza Bi Harusi, na Bi Harusi anamfukuza Msafiri, lakini Msafiri akija pacha anakimbia.

Salimu (Muscat): Mimi Kadogo ananiuma roho. Shangazi, mtenge huyo Mjumbe siku chache akome.

Shangazi Mwanaidi: Salimu mwanangu, ukimtenga halafu ukamrudisha, umeanzisha vita upya. Wakati hayupo wenzake watajipanga wenyewe, akirudi lazima wapigane tena kila mmoja na mwenzake. Sasa hivi wameshajuana, mtu anainamisha kichwa na maisha yanaendelea. Namtenga mtu nikiona damu tu, na hata hapo namweka nyuma ya wavu waendelee kuonana.

Salimu (Muscat): Na Kadogo atakulaje?

Shangazi Mwanaidi: Nimeongeza vyombo. Vinne, mbalimbali. Mjumbe ana mdomo mmoja, hawezi kulinda vinne.

Ba Mdogo Hamisi: Hapo sawa.

Shangazi Mwanaidi: Na niwaambie kitu, mimi nikimwaga chakula simtazami wa kwanza, namtazama wa mwisho. Wa juu atashiba hata siku ya njaa. Wa chini ndiye anayekwambia kama banda liko sawa au la.

Jumatatu usiku, wiki ya tatu

Shangazi Mwanaidi: Zuwena uko hewani? Kadogo hasimami vizuri. Anatembea hatua mbili anakaa kwenye magoti. Mguu mmoja umeanza kupinda.

Zuwena (SUA): Nipo. Ameanguka? Amekanyagwa na kuku?

Shangazi Mwanaidi: Hapana. Imeanza taratibu tangu juzi.

Zuwena (SUA): Wanakula nini hasa?

Shangazi Mwanaidi: Pumba za mahindi alizoleta Hamisi, na mchicha.

Zuwena (SUA): Na kile chakula cha vifaranga cha dukani?

Shangazi Mwanaidi: Kiliisha wiki iliyopita.

Zuwena (SUA): Basi ni niasini, vitamini B3. Kifaranga wa bata anaihitaji kwa wingi kuliko wa kuku, ndo maana ndugu zake kuku wanaweza kukua kwenye chakula kile kile bila shida. Mahindi yanayo, lakini imeshikana na mahindi yenyewe, tumboni haiachii. Ikikosekana miguu inalegea na kupinda. Ukiwahi anapona.

Ba Mdogo Hamisi: Niambie cha kuleta, kesho asubuhi napanda gari.

Zuwena (SUA): Pumba za mpunga ba mdogo, hizo zina niasini nyingi. Mashudu ya alizeti. Dagaa wa kusaga, waoshwe chumvi kwanza. Na chakula cha vifaranga mfuko mdogo, kisicho na dawa. Shangazi, kesho Kadogo apewe peke yake, wengine wasimfikie. Na sakafu isiwe ya kuteleza, mwagia maranda ya mbao.

Mama Zuwena: Wengine wako salama?

Shangazi Mwanaidi: Wanatembea, ila pacha mmoja naona naye kaanza kukaa kaa.

Zuwena (SUA): Kwa hiyo ni tatizo la wote, limeanza kuonekana kwa aliyekula kidogo zaidi.

Shangazi Mwanaidi: Kadogo ndiye aliyetuambia.

Ijumaa mchana

Ba Mdogo Hamisi: Dada, mgonjwa?

Shangazi Mwanaidi: Alhamdulillah, leo kasimama na kufuata wenzake mpaka kwenye mgomba. Mguu bado haujanyooka sawasawa lakini anaukanyagia. Shabani anasaga dagaa mwenyewe, hataki mtu mwingine aguse.

Salimu (Muscat): Nimefurahi mno. Nilikuwa kazini nafungua simu kila saa.

Jumapili asubuhi, wiki ya tano

Shangazi Mwanaidi: Kunguru wamekuja leo. Watatu, juu ya paa la jiko. Hawa wenye shingo ya kijivu.

Ba Mdogo Hamisi: Walaaniwe hao. Wamechukua?

Shangazi Mwanaidi: Hawakuchukua. Mmoja alishuka kumwendea Kadogo, na kuku hakumpa nafasi, alimrukia kwa miguu. Lakini aliyepiga kelele ya kwanza ni Konda. Mimi nilikuwa ndani, nilitoka kwa sauti yake. Wote wakakimbilia chini ya mwembe, Mjumbe akabaki mwisho kabisa, kichwa ubavu, jicho moja juu.

Mama Zuwena: Kuku mwenye watoto halengwi jiwe, na kunguru sasa wamejua.

Zuwena (SUA): Kunguru wa Kihindi hao. Waliletwa Unguja miaka ya 1890, inasemekana kusafisha taka, leo pwani nzima wanamaliza vifaranga na ndege wetu. Shangazi, funga wavu juu mpaka vifaranga wawe wakubwa. Na usiku ukipita na tochi watazame, wa pembeni hulala jicho moja wazi. Watafiti walipima bata mwitu Marekani, matokeo yakatoka 1999: bata anayelala mwisho wa safu hufungua jicho linalotazama nje na nusu ya ubongo inabaki macho.

Shangazi Mwanaidi: Wacha weee. Leo natazama.

Shangazi Mwanaidi: Nimetazama. Pembeni kuna Mjumbe upande wa mlango na Msafiri upande wa ukuta. Jicho la Mjumbe liliwaka kwenye tochi, lile la upande wa nje. Kadogo yuko katikati kabisa, kafunikwa na shingo ya Bi Harusi.

Salimu (Muscat): Na mimi niliyetaka Mjumbe atengwe!

Alhamisi, wiki ya kumi

Shangazi Mwanaidi: shikamooni. ni shabani. konda anaumwa. hapigi kelele. anafungua mdomo inatoka hhhhh tu. mama mdogo zuwena mpe dawa

Zuwena (SUA): Marahaba Shabani. Anakula?

Shangazi Mwanaidi: anakula sana

Zuwena (SUA): Uso wake ukoje? Kuna nyama nyekundu karibu na macho na juu ya mdomo?

Shangazi Mwanaidi: ndiyo imeanza. na miguu yake minene

Zuwena (SUA): Basi haumwi mwanangu, ni dume. Bata wa aina hii, Muscovy kwa Kiingereza, asili yao ni Amerika ya Kati na Kusini, si jamii moja na wale bata weupe wa Pekini. Dume lao likikua halina sauti, linapuliza tu na kutikisa mkia. Majike wanabaki na kasauti kembamba. Konda atakuwa mkubwa sana, dume hufika kilo 4 mpaka 6, jike kilo 2 au 3.

Shangazi Mwanaidi: sasa nani atawaambia twende

Mama Zuwena: Atawaita kwa mkia, baba. Na wewe si upo, utawafungulia.

Shangazi Mwanaidi: Simu nimeichukua. Mtoto ana machozi, amekwenda kukaa na Konda. Nimehesabu kwa uso: madume ni Konda, Msafiri na pacha mmoja. Mjumbe jike.

Ba Mdogo Hamisi: Mjumbe jike? Na ubabe wote ule?

Shangazi Mwanaidi: Jike, na bado anaheshimiwa na majike wote. Kwa madume sasa anapisha, wamemzidi kifua. Wao wana kesi yao. Jana Konda na Msafiri walisimama kifua kwa kifua, nyoya za kichwani zimesimama, wanapigana kwa mbawa na kucha. Msafiri yule yule asiyetaka cheo! Pacha hakuthubutu kusogea.

Zuwena (SUA): Madume watatu kwa majike wanne ni wengi, shangazi. Dume moja linatosha majike wanne au watano, wakizidi wanawachosha na kuwaumiza majike. Tena wote hao ni ndugu wa tumbo moja.

Shangazi Mwanaidi: Hilo nalijua. Ndugu hawazalishwi, ukiwaacha kizazi kinadhoofika. Madume wote watatu wataondoka kwa zamu, nitafute dume la nje.

Ba Mdogo Hamisi: Jirani yangu hapa Pongwe ana dume zuri, jeusi, na majike sita ya ukoo mwingine. Alishaniambia anataka kubadilisha damu. Tumpe Konda, atupe lake. Msafiri nitamfuga mimi. Pacha tutamla Idi.

Shangazi Mwanaidi: babu hamisi konda asiliwe

Ba Mdogo Hamisi: Haliwi mjukuu wangu, anakwenda kuwa baba wa familia. Shule zikifunga utakuja Pongwe kumwona, ni nyumba ya tatu kutoka kwangu.

Mama Zuwena: Na hilo dume geni litapokelewaje na akina Mjumbe?

Shangazi Mwanaidi: Sitalitupa katikati yao. Wiki ya kwanza litakaa nyuma ya wavu, wakila pamoja, kila mtu upande wake. Nitafungua jioni wakati wa kuingia kulala. Mjumbe atalijaribu, hilo halina shaka, nami nitakuwa nimekaa hapo hapo na vyombo vyangu vinne.

Ba Mdogo Hamisi: Basi Jumapili nafika mapema kabla ya jua kali, na matenga mawili.

Shangazi Mwanaidi: babu tenga la konda liwe kubwa. hapendi mkia ubanwe